Sifuri Nukta Nne Tatu

Asubuhi ya nne Pijo la baba halikuguna hata.
Nikazungusha ufunguo: tiki. Tena: tiki.
Ukungu wa Newala umelala juu ya boneti,
na betri niliyoinunua Masasi kwa pesa ya korosho,
ya pili mwaka huo,
imekufa macho wazi.

Wifi yangu alisema gari lina mtu.
Nikasema mtu huyo namjua:
Chilumba, mlinzi, na simu yake ya tochi,
anachaji usiku kwa jasho langu.
Sikumwona. Nilipiga hesabu tu: yeye yupo, chaji haipo.
Nikampa nusu mshahara. Akapokea kwa mikono miwili,
akakunja koti lake la mvua,
akashuka Kitangari kwa miguu.

Betri ya tatu nayo ikalala.

Ndipo akaja Fundi Nanjota na mita yake ya njano.
Habari za mlinzi hakutaka kuzisikia.
Akalegeza nati ya hasi kwa spana namba kumi,
akabana kitufe cha mlango kwa kibanio cha nguo
ili gari lidhani limefungwa,
akaiweka mita njiani, mguu huku, mguu kule,
umeme upite kwake kama gunia kwenye mizani ya ghala.
Sifuri nukta nne tatu.
"Limezimwa," akasema, "na linakula."

Akachomoa fyuzi ya kwanza. Nne tatu.
Ya pili, taa za mbele. Nne tatu.
Ya tatu ikashuka unywele mmoja, nne mbili.
"Hiyo saa. Iache, saa haina njaa."
Ya nne. Nne mbili.
Fyuzi zimekwisha, zimelala ndani ya kofia yake
kama meno ya utoto,
na kitu bado kinakula.

Hapo nikakumbuka
kwamba simu ya tochi hukaa na chaji wiki nzima.

Akafunua zulia. Chini yake waya mwekundu,
si wa kiwandani, umeviringwa vipande vya tyubu ya baiskeli,
fundo kila shubiri.
Fundo la baba. Hivyo alifunga magunia,
hivyo alifunga kidole changu nilipojikata nikibangua.
Waya ukapita chini ya kiti, ukaingia butini,
kwenye globu ndogo aliyoitia mwenyewe
asome mizani usiku, msimu ukichanganya,
asimpunje mtu hata nusu kilo.

Tukafungua buti: inawaka. Ndiyo kazi yake.
Tukafunga: nani ajue?
"Mita imeshasema," fundi akasema, "lakini mimi nataka shahidi."
Akamwita mwanafunzi wake, Desderi, mwembamba kama chelewa.
Kijana akajikunja pale penye tairi la akiba,
tukamfungia.
Wifi amesimama mlangoni, kanga mdomoni:
sasa gari lina mtu kweli.
Kimya. Jogoo wa jirani. Halafu, kutoka ndani ya bati:
"Inawaka! Naona mpaka kucha zangu!"

Swichi ya kifuniko ilikuwa imeng'ang'ana,
imegandishwa na maji ya mabibo,
mabibo niliyopakia mimi, mwezi wa kumi,
bila kutandika turubai,
Chilumba ameshika kifuniko, ananiambia,
"Mama, yatachuruzika hayo."

Petroli kidogo, mswaki mkuukuu, dakika kumi.
Fyuzi zikarudi kila moja kwao.
Sifuri nukta sifuri moja: saa peke yake.
Fundi akashika koleo, akauliza waya huu wa kienyeji akate?
Nikasema auache.

Kesho yake Pijo likawaka kwa mkupuo mmoja,
likitetemeka lote kama linalooga maji baridi.
Nikashika mteremko wa Kitangari,
nusu ile nyingine ya mshahara ndani ya bahasha,
bahasha juu ya kiti cha pembeni,
na juu yake betri iliyokufa ya mwisho, isipeperuke.

Kona ya tatu nikaipita
bado sina sentensi ya kwanza.